GX110 kuwa 4WD: nunua gari zima la kuchinja, usiokoteze spea

Msomaji wa Njombe ana Toyota Mark II GX110 yenye bodi safi, anataka ivute mbele na nyuma (4WD) kabla mvua hazijaanza. Ameshaahidiwa difu ya mbele (boksi la gia linalozungusha magurudumu) na mtu mmoja, transifa (inayogawa nguvu mbele na nyuma) na mwingine, zote kwa bei nzuri. Jibu langu ni fupi: usitoe hela.

Toyota walishaitengeneza gari unayoiota. GX100 inavuta nyuma, GX105 inavuta kote. GX110 inavuta nyuma, GX115 inavuta kote. Injini ni ileile, 1G-FE ya silinda sita, lita 2.0. Ukiipata GX115 nzima yenye karatasi zake, inunue hiyo na uuze yako. Kubadilisha kuna maana pale bodi yako ni nzima na GX115 imegongwa ubavuni au imepinduka.

Gari la kuchinja, yaani la kung'olewa spea, lazima liwe la kizazi kilekile. Anza na injini pamoja na sampu yake, ile trei ya oili iliyo chini. Difu ya mbele imefungwa kwenye sampu, na ekseli ya upande mmoja inapita humo humo, kwa hiyo sampu ya GX110 haifai hata ukichomelea. Kisha giaboksi likiwa na transifa, propela zote mbili (shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye difu), difu ya nyuma, krosimemba ya mbele (boriti inayobeba injini) na mauntingi zake, stelingi raki, amu za juu na chini, habu zenye tundu la ekseli, ekseli, shokapu na springi. Usisahau kontroli boksi (kompyuta ya gari) na waya zake mpaka kwenye plagi ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoamrisha gia. Chukua na mfumo wa ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kukwama. Gari za 4WD huwa na sensa ya ziada ya kupima jinsi gari linavyopunguza mwendo, maana kwenye utelezi magurudumu yote manne yanaweza kukwama pamoja na kompyuta ikadhani gari limesimama.

Kabla ya kulipa, ingia chini ya gari zote mbili na futi. Linganisha matundu ya krosimemba, upana wa handaki la sakafuni linamokaa giaboksi na njia ya egzosi. Egzosi ikipita karibu na propela ya mbele au buti za ekseli (mipira inayofunika maungio yake), weka bati la kukinga joto, la sivyo mpira utapasuka na grisi itamwagika.

Sasa uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa, na mafundi wetu wengi hawapimi. Pinion (gia ndogo ya difu) ya meno 10 na kraunwili (gia kubwa) ya meno 41 ni 4.1, ya meno 43 ni 4.3. Kwenye tairi za saizi 195/65R15 gurudumu linazunguka kama mara 502 kwa kilomita. Ukiweka 4.1 mbele na 4.3 nyuma, propela mbili zitatofautiana mizunguko kama 100 kila kilomita, na difu ya kati, iliyo kwenye transifa, itaubeba mzigo huo mpaka iungue. Kupima ni dakika kumi: weka gia huru, inua magurudumu mawili ya nyuma, chora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Mmoja ashike gurudumu la kushoto lisisogee, wewe zungusha la kulia mara mbili kamili na uhesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.1, ikizunguka mara nne na kupita robo, ni 4.3. Fanya vilevile mbele, majibu mawili lazima yalingane.

Tairi nazo. Jipya lenye kina cha milimita 8 na kuukuu lenye milimita 3 hutofautiana kama milimita 31 kwa mzunguko mmoja. Kwenye gari linalovuta nyuma hutaona kitu. Kwenye 4WD mbili mpya mbele na mbili chakavu nyuma ni kuiua transifa kidogo kidogo. Nunua manne, saizi moja, muundo mmoja. Asiye na hela ya matairi manne asianze kazi hii, nasema hivyo kwa kukujali.

Propela uzifungue baada ya kuchora alama kwenye flenji (sahani za kuungia), na uzirudishe alama kwa alama. Ukilazimika kukata moja, ipelekwe kubalansiwa. Chini ya sampu funga bati la chuma la milimita 3, kwa kuwa difu sasa iko karibu na jiwe kuliko kitu kingine chochote. Gari bado ni la chini. Kuvuta kote peke yake hakuliinui kutoka ardhini.

Jaribu ukiwa umeinua magurudumu yote manne kwenye stendi. Ukiinua ya nyuma peke yake na kuingiza gia, ya mbele yanaweza kulirusha gari. Likiharibika njiani, libebwe juu ya lori.

Namba ya injini iliyo kwenye kadi itakuwa imebadilika, nenda TRA (mamlaka ya mapato) na uiambie bima.

Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili ya difu zote mbili na uangalie sumaku ya bolti ya kumwagia oili. Uji wa kijivu unaopakika vidoleni ni kawaida. Ukiona vipande vinavyong'aa vinavyokwama kwenye ukucha, fungua difu hiyo siku hiyohiyo.