Ndoa Zilizopita na Upweke wa Uzeeni

Swali: Mimi ni mjane wa miaka 64, naishi Kongwa. Ninao wajukuu na wenzangu wa kikoba, ila jua likizama najiona peke yangu. Je, nimekosa shukrani?

Jibu: Hujakosa shukrani, mama. Mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, alieleza mwaka 1973 kwamba upweke wa kumkosa mwandani mmoja si sawa na upweke wa kukosa jamaa na marafiki, na kwamba ule wa kwanza hauondoki kwa kuongezewa watu. Wajukuu hata wakijaa uani, nafasi ya yule uliyemsimulia habari za shamba la alizeti itabaki wazi.

Swali: Nina miaka 61, naishi Nkuhungu. Nimeachana na wake wawili na sasa nimestaafu. Je, talaka zangu ndizo zinazoniadhibu?

Jibu: Neno kuadhibiwa silipendi, mzee wangu, maana kinachouma si hesabu ya ndoa bali vilivyoondoka pamoja nazo. Wanaume wengi humwachia mke kazi ya kuwajulia hali ndugu, kukumbuka harusi na misiba, na kuwasogeza watoto karibu na baba yao, hivyo mke akiondoka njia zote hizo hufungwa kwa siku moja. Wapo pia waliohamia Dodoma kikazi, ofisi ikawa ndiyo ukoo wao, na kustaafu kukawa kama talaka nyingine. Nakuomba uanze na watoto wa mke wa kwanza. Usijitetee wala usimseme mama yao. Wakifiwa nenda, kaa jamvini, na mwezi unaofuata urudi kuwajulia hali.

Swali: Je, nikiolewa tena nitapona upweke? (Mama, Mpwapwa)

Jibu: Huenda, ikiwa unampenda yeye mwenyewe. Ukimtafuta wa kuziba pengo la marehemu, utamwonea.

Swali: Niliishi na mwenzangu miaka 11 hapa Chamwino bila kufunga ndoa. Alipofariki, nduguze walinikataza kukaa na wafiwa. Miaka imepita, nami bado nimejifungia.

Jibu: Pole sana, dada. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, huwadhania kuwa wanandoa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Hata hivyo, jeraha lako si la kisheria: ulinyimwa matanga, ukanyimwa na ruhusa ya kumtaja marehemu mbele ya watu. Mtafute mtu mmoja aliyewafahamu nyote wawili, mketi pamoja, umtaje kwa jina lake.