Mzee alisema hatumii dawa yoyote

Mkuu, umeuliza inakuwaje unamhoji mgonjwa maswali yote halafu jambo kubwa linakupita. Mimi nipo kwenye ambulansi hapa Dar mwaka wa kumi, na aliyenifundisha hilo ni mzee mmoja wa Mbagala.

Tulimkuta sebuleni kwenye mkeka, kifua kinambana, jasho chapachapa. Presha 150 kwa 90. Nikauliza: una mzio? Kisukari? Unatumia dawa yoyote? Hapana, hapana, hapana. Nikamwekea nitroglaiserini, dawa ya kutanua mishipa ya damu, chini ya ulimi. Hata barabara kubwa hatujafika, macho yakaanza kumpinduka. Presha 70 kwa 40. Tukamlaza, miguu juu, dripu tukaiachia yote. Alizinduka, ila mimi mikono ilinitetemeka mpaka hospitali.

Jibu alilipata nesi wa dharura. Aliwatoa watu wote nje, akainama: "Baba, jana usiku ulimeza kitu cha kuongeza nguvu?" Mzee akageukia ukutani. "Nusu kidonge tu. Kile cha bluu." Yaani Viagra, na hiyo ikikutana na nitroglaiserini presha huporomoka.

Sasa nilipouliza mimi, pembeni walikuwepo mkewe mdogo, binti yake, na mkwe ameshika tochi ya simu. Mzee gani atayataja hayo mbele ya mkwe? Na neno lenyewe "dawa" liliniponza. Kwake dawa ni ya ugonjwa, na yeye usiku ule hakuwa mgonjwa! Wengine ukiwaambia "unatumia" wanadhani unawauliza habari za unga.

Siku hizi ndugu nawagawia kazi: huyu akafungue geti, yule alete vidonge vyote vilivyomo ndani, hata vya kwenye mfuko wa Rambo. Tukibaki wawili nataja kwa majina: Viagra, vumbi la Kongo, mitishamba, na lini. Akiwa amemeza sildenafili (ndiyo dawa iliyomo kwenye Viagra) ndani ya saa 24, au tadalafili, dawa ya jamii hiyohiyo, ndani ya 48, nitroglaiserini simpi. Hiyo "mitishamba" usiiamini, maana nyingi zimeshapimwa zikakutwa na sildenafili ndani. Na kina mama waulize pia. Sildenafili hiyohiyo hutibu presha ya mapafu.

Fomu yetu mpaka leo ina kiboksi kimoja kilichoandikwa "Dawa". Huwa naandika pembeni kwa kalamu: "nimemuuliza akiwa peke yake", au "mkwe yupo".