Re: Helios 44-2 imeota kuvu, naweza kuifungua mwenyewe?

Mkuu, hiyo lenzi ya kamera ya milimita 58 uliyorithi kwa babu unaweza kuisafisha mwenyewe hapo Moshi, ila usianze nayo. Tafuta lenzi mbovu isiyokuuma, uifungue na kuifunga hata mara tatu.

Mimi nilianza na lenzi ya Kijapani na bisibisi ya nyota ya fundi simu. Skrubu ya kwanza tu ikalika kichwa. Za Kijapani zinataka bisibisi za JIS, yaani za kipimo cha Kijapani. Helios ni ya Kisovieti, skrubu zake ni za mstari mmoja, hapo una nafuu.

Pa kuogopa ni nyuzi za fokasi, zile kama za skrubu zinazosogeza vioo mbele na nyuma. Zina mianzo kadhaa, yaani sehemu kadhaa zinapoweza kuanza kuingiliana, na ukizirudishia mwanzo usio wake, fokasi haitakaa tena. Zizungushe polepole, pale zinapoachiana tu, simama, kwaruza alama kwa sindano pande zote mbili, piga picha kwa simu.

Kuvu chenyewe ni pamba na spiriti ya isopropili, basi. Ikibaki michoro kama mizizi, kimeshakula kioo. Usisugue, picha zitatoka tu. Na lile begi la ngozi la kuhifadhia lenzi achana nalo, masika kuvu kitaota tena.