Mnaoenda kozi za kiangazi, pitieni hapa kwanza

Jana nimechungulia leptopu ya dogo mmoja ofisini, Julai anaenda Barcelona kozi ya ekonometria (takwimu za uchumi) ya siku tano, nikakuta kwenye do-file yake, lile faili la amri za Stata, programu ya takwimu, kaandika merge m:m, amri ya kuunganisha mafaili mawili ya data hata kama namba za utambulisho zinajirudia kote kuwili. Tumbo likanikata. Haya kaeni niwaambie.

1. Viza ya Schengen ombeni mapema, bima isipungue euro 30,000. Hilo limeisha.

2. Siku ya kwanza tu mnakutana na utafiti wa wachumi Card na Krueger, ule wa migahawa ya New Jersey na Pennsylvania, kima cha chini cha mshahara kilivyopanda New Jersey toka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa mwaka 1992. Someni kabla, hakuna profesa atakayewaanzishia na wastani ni nini.

3. Sasa hiyo m:m. Mwaka wangu Ijumaa kila mtu anaprezenti, mimi nimebeba data za kaya toka nyumbani, faili moja la wanakaya lingine la mashamba, usiku wa Alhamisi niko hosteli feni inasukuma joto tu, Stata imegoma 1:1 (mstari mmoja kwa mmoja), imegoma m:1 (wengi kwa mmoja), nikajaribu m:m ikakubali bila kelele. Nikalala usingizi wa tajiri. Asubuhi nasimama na tai (darasa zima wamevaa kaptula), nyota tatu (alama ya matokeo mazito kitakwimu) kila koefishenti, namwaga elimu ya mkulima na mavuno kama nasoma bajeti bungeni. Profesa, mama mmoja mpole sana, akasema hebu fungua kaya moja tuione. Nikafungua. Baba ana shamba la kwanza, mama la pili, na kitoto cha miezi 3 kinalima ekari 2 za mahindi! Kumbe Stata imewapanga watu na mashamba kama abiria na siti, wa kwanza na la kwanza, wa pili na la pili. Watu wakacheka, yule mama hakucheka, akauliza huyu naye kasoma mpaka darasa la ngapi? Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumjibu.

1:1 ikigoma piga duplicates report kwanza uone namba zipi zinajirudia, ina sababu.

4. Cheti cha kuhudhuria na cha mtihani ni vitu viwili, ulizeni kabla hamjalipa.

5. Tai acheni nyumbani. Na wewe dogo, nimepita mezani kwako saa hizi, ule mstari bado upo.