Swali la lugha: kompyuta nayo ina fikra?

Mwalimu wa sayansi ameniuliza: "Naanza kufundisha kile kinachoitwa fikra za kompyuta (kwa Kiingereza computational thinking, yaani kulipanga tatizo kwa hatua zilizo wazi ambazo hata mashine inaweza kuzifuata), mwanafunzi akaniuliza kwani kompyuta inafikiri? Nikakwama. Niite nini?"

Mwalimu, huyo mwanafunzi ana sikio zuri sana. Ukisema fikra za Juma maana yake Juma ndo mwenye kuwaza, basi fikra za kompyuta nayo inasikika hivyohivyo, wakati Jeannette Wing, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta aliyelivumisha wazo hili mwaka 2006 alisisitiza kwamba ni namna binadamu anavyofikiri. Kufikiri kikompyuta nako hapana, hiyo ki- ni ya kuiga, kama kutembea kiaskari. Mimi nasema fikra kokotozi, kutoka kukokotoa, vile okoa inavyotupa mwokozi, na inakaa vizuri kabisa na fikra tunduizi (critical thinking) ambayo tayari tunayo.

Ila jina siyo pagumu, pagumu ni pale wanafunzi wanapoandika hatua za jaribio. Chukua hii: "Maji yakichemka, andika jotoridi." Kiswahili safi, lakini hiyo -ki- imebeba maana mbili, inaweza kuwa "kama yanachemka" na inaweza kuwa "yatakapochemka", sisi tukiongea tunaelewana tu ila kwenye programu hayo ni maagizo mawili tofauti kabisa! La kwanza linaangalia mara moja, likikuta maji bado linapita zake na jotoridi haliandikwi. La pili linasubiri. Kwa hiyo mfundishe mwanafunzi kuchagua: "Kama maji yanachemka, andika jotoridi, la sivyo nenda hatua ya 4", au "Subiri mpaka maji yachemke, ndipo uandike". Akitaka kurudiarudia aseme "Pima kila baada ya dakika 2 mpaka yachemke", na hapo asiandike "mpaka yanachemka" manake tunachosubiri bado hakijatokea, ndo maana kitenzi kinaishia na -e.

Sikatazi -ki-, naipenda sana na kwenye insha iacheni ifanye kazi yake. Kwenye hatua tu ndo iwekwe pembeni. Na kabla hamjagusa mashine yoyote, mwanafunzi ampe mwenzake zile hatua azifuate neno kwa neno bila kuuliza chochote, akikwama mahali muangalie kitenzi cha hapo kwanza.