Amina ya jirani: maswali yenu kuhusu kuomba pamoja

Tangu niandike kwamba jumuiya zetu, vile vikundi vya majirani vya kusali, zinapungua watu, simu yangu haijapata usingizi. Wengine wamenipongeza, wengine wamenisuta, na mmoja amenitumia picha ya kitanda chake. Nimechagua maswali manane, nikayafupisha na kuyaacha majina.

Shikamoo Mwinjilisti. Yesu mwenyewe alisema ukitaka kusali ingia chumbani, funga mlango. Mbona mnatuamsha Jumamosi saa 12 asubuhi twende jumuiya, siku pekee ya mtu kulala? – Kijana, Tabata

Marahaba mwanangu. Kulala nako ni zawadi ya Mungu, sikulaumu. Ila usiifunge Biblia mapema. Chumba cha ndani kipo Mathayo 6, mstari wa 6. Shuka hadi mstari wa 9, mazungumzo ni yaleyale, Yesu anawapa sala yenyewe. Inaanzaje? Baba yetu. Kisha utupe, utusamehe, usitutie, utuokoe. Mtu kajifungia peke yake, kapewa sala ambayo ndani yake hakuna "mimi" hata moja. Alichokikataza Yesu ni ule mtindo wa kusimama kwenye pembe za njia ili wapita njia waseme, huyu kweli mcha Mungu. Unaweza kwenda jumuiya usiwe na tabia hiyo, na unaweza kujifungia chumbani ukawa nayo, hasa siku hizi ambapo mtu akimaliza kusali anaweka picha ya Biblia na kikombe cha chai mtandaoni.

Cyprian, askofu wa Carthage, pale ilipo Tunisia ya leo, aliliona jambo hili katikati ya karne ya 3. Aliandika kwamba sala yetu ni ya wote, na tusalipo hatumwombei mmoja, tunawaombea watu wote, kwa kuwa sote tu kitu kimoja. Ni Mwafrika huyo, na aliandika wakati kanisa lake linawindwa. Mwaka 258 walimkata kichwa.

Kuhusu saa 12: yapata mwaka 112, gavana wa Kirumi aitwaye Plinio, aliyekuwa sehemu za Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajano kumweleza Wakristo ni watu gani. Ili apate ukweli aliwatesa wajakazi wawili waliokuwa wahudumu wa kanisa. Na watu waliokwisha kuiacha imani walimweleza kwamba siku maalumu, kabla hakujapambazuka, Wakristo hukutana na kumwimbia Kristo kwa kupokezana. Kabla hakujapambazuka! Mjakazi akisubiri jua lichomoze, tayari bwana wake anamwita. Kwa hao, saa 12 ungekuwa umechelewa.

Kwani Mungu anahesabu vichwa? Ombi la watu 10 lina uzito kuliko la mtu mmoja? – Msomaji, Iringa

Hahesabu. Kwenye mlima Karmeli, nabii Eliya alikuwa mmoja na manabii wa Baali 450, na tunajua moto ulishuka kwa nani. Anayekwambia mkiwa wengi Mungu analazimika, anamfanya Mungu kama ofisi inayosubiri sahihi zitimie.

Basi wingi ni wa nini? Mimi hurudi kwenye Matendo 12. Petro yuko gerezani kwa Herode, kanisa limekusanyika nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, wanamwombea kwa juhudi. Usiku huohuo malaika anamtoa. Petro anapita vichochoro, anagonga. Msichana mmoja, Roda, anaitambua sauti, na kwa furaha anasahau hata kufungua, anarudi mbio ndani: Petro yuko mlangoni! Wanamjibu kwamba ana wazimu. Wamekesha wakiomba atoke, katoka, na wao wanabishana huku mwenyewe yuko nje anaendelea kugonga. Hiyo si imani ya kuhamisha milima, ndugu yangu. Ni imani kama yangu na yako.

Lakini angalia Petro. Katoka kifungoni usiku wa manane, mji umelala, askari watamtafuta kukicha, na miguu yake inajua nyumba ya kwenda. Alijua kuna watu wako macho kwa ajili yake. Ndipo ninapouona uzito unaouuliza. Wewe ukiruhusiwa kutoka hospitali saa 8 usiku, huna nauli, utagonga wapi?

Kwenye kikundi chetu kuna mzee akishika zamu ya kuomba ni dakika 25. Na kuna kina mama wao wanataka wote tuombe kwa sauti kwa mpigo. Mimi sisikii hata ninachokisema. Lipi sahihi? – Mama, Morogoro

Hayo ni mambo mawili, tuyatenganishe.

Kuomba wote kwa sauti si fujo kwa sababu tu hukuzoea. Mwaka 1907, katika mikutano ya uamsho kule Pyongyang, wakati huo Korea bado ni moja, mamia ya watu walipaza sauti kwa pamoja, kila mtu na ombi lake, na mpaka leo makanisa mengi ya Korea huomba hivyo. Aliye na aibu ya kuomba mbele ya watu hupata kificho ndani ya ule mvumo. Sharti langu moja: pawe na mwisho, na mtu mmoja ayakusanye kwa maneno yanayosikika. Bila hivyo mmekaa chumba kimoja lakini kila mtu kaomba kivyake.

Mzee wa dakika 25 sasa. Paulo, kwenye 1 Wakorintho 14, anauliza swali ambalo ningependa libandikwe ukutani: asiyekuelewa ataitikaje Amina? Maana kuna kazi mbili, ya anayeomba na ya anayeitikia. Anayeitikia anasema, na mimi pia, niandikeni humo. Bibi aliyekaa kwenye mkeka akiitika Amina kwa sababu magoti yamepata nafuu, hiyo si Amina, ni pumzi.

Kwetu tulikuwa na mzee akianza na uumbaji, anapitia kwa Nuhu, akifika kwa Ibrahimu uji wa mwenye nyumba umeshaganda utando. Hakuna aliyemkemea, yule ni baba yetu. Mwenyekiti alimpa heshima ya kufunga kila wiki, na kila wiki alimwambia, "Baba, utufungie kwa kifupi, watoto wanawahi tuisheni." Akawa bingwa wa dakika 2. Tangu hapo tunafanya hivi: ombi moja, mtu mmoja, Amina, tunakwenda kwa mwingine. Jaribuni.

Nililieleza kundi la maombi tatizo la ndoa yangu. Siku ya tatu nikaulizwa na muuza nyanya sokoni. Siwezi kurudi tena pale. – Mama, Mbagala

Pole sana, dada yangu. Hili nalijibu nikiwa na doa mwenyewe.

Miaka ile naanza uinjilisti, dada mmoja aliniambia pembeni jambo la nyumbani kwake. Jioni tukiwa tumeinama, mimi kwa bidii yangu ya kijana nikaomba kwa sauti, "Bwana, mkumbuke dada yetu na yanayompata ndani ya ndoa yake." Jina sikulitaja. Nilipofumbua macho, ya wenzangu yalikuwa yameshafumbuka zamani, yote yamemwelekea yeye. Alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la kanga, anauzungusha kidoleni, anauzungusha mpaka ncha ya kidole ikaiva. Hakuja tena kwa miezi minne. Nilikwenda kwake kuomba radhi, akanikaribisha chai na hakugusia chochote, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Kuna umbea unaofumba macho. Unaanza na "tumwombee fulani", kisha inafuata hadithi nzima, na maombi yenyewe ni sentensi moja. Kundi linalofanya hivyo litabaki na watu wasio na matatizo, yaani wanaoficha.

Kwako wewe: hukukosea kusema, ulikosea watu. Yakobo anaposema tuungamiane na kuombeana, hasemi tufanye hivyo mbele ya mkutano mzima. Yesu aliahidi kwa wawili wakipatana. Tafuta mmoja, ikiwezekana mama mtu mzima aliyekwisha kupita kwenye ndoa ngumu na asiyesimulia za wengine mbele yako, maana anayekuletea za watu atapeleka na zako. Kundini unaweza kusema tu, "nina mzigo, niombeeni", na Mungu atajaza nafasi. Aliyezitoa habari zako, kama unamjua, mwendee peke yake kwanza, ndivyo Mathayo 18 inavyoagiza. Na kama umepigwa au unatishiwa, usiishie kwenye maombi: nenda dawati la jinsia kituo cha polisi, na huyo mama mtu mzima akusindikize.

Kurudi kundini, chukua muda wako. Ila usikae peke yako muda mrefu.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki, mume wangu Mlutheri. Tunaruhusiwa kusali pamoja nyumbani? – Mama, Moshi

Milele na milele, Amina. Mnaruhusiwa, na msichelewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ulisema kuomba pamoja na ndugu tuliotengana nao kunafaa, tena kunatamaniwa. Kila mwaka tarehe 18 hadi 25 Januari kuna juma la kuombea umoja ambalo makanisa yote mawili yanalijua. Meza ya Bwana ina taratibu zake, hilo muulize paroko. Baba Yetu mnaijua wote. Mkifika mwisho mmoja akiongeza "kwa kuwa ufalme ni wako" na mwingine akanyamaza, msigombane.

Mwinjilisti, tuseme ukweli. Jumuiya imekuwa ya michango. Ukienda unaulizwa bahasha, usipokwenda unaambiwa hutazikwa. Maombi yako wapi? – Baba, Kahama

Umesema kweli, na wengi wanaona aibu kuisema.

Jumuiya ndogondogo hazikuanza kwa ajili ya bahasha. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele mwaka 1976, walikuwa wanajibu tatizo la parokia kubwa ambazo mtu anaingia na kutoka bila anayemjua. Shabaha ilikuwa nyumba chache, majirani, Neno na kuombeana. Sisi makanisa mengine tuna mitaa na vikundi vya nyumbani kwa sababu hiyohiyo. Na vikundi vya uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea hadi Uganda, Kagera na Kenya, havikuhitaji hata jengo. Watu walikaa barazani, wakatubu, wakaombeana.

Fedha zenyewe si uchafu. Mgonjwa wa jumuiya akihitaji gari la kumpeleka hospitali, sala bila nauli ni kumkejeli. Tatizo ni mpangilio. Nimehudhuria kikao ambacho matangazo ya michango yalichukua dakika 40 na maombi dakika 5, tena tukiwa tumesimama tayari kuondoka. Pendekezeni maombi yatangulie na daftari lifuate, na asiyenacho asisomwe jina mbele ya watu. Kiongozi akigoma, andikeni kwa mchungaji au paroko.

Kuhusu mazishi, kumtisha mtu kwa kaburi ili aje kusali ni aibu yetu sisi viongozi. Lakini nawe jiulize kwa upande wa pili: padri au mchungaji anayefika msibani asiyekujua, atasema nini juu yako? Wanaojua ni wale wa mkekani.

Niko Muscat, kazi za ndani. Bosi haniruhusu kutoka. Ninasali peke yangu jikoni baada ya kuosha vyombo. Je, nahesabiwa kuwa nimeasi kanisa? – Dada

Hapana, mwanangu. Hapana kabisa. Ile "tusiache kukusanyika" ya Waebrania inasemwa kwa anayeweza kwenda na hataki. Siku ukipata ruhusa, Ruwi na Ghala kuna viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya makanisa, na ibada nyingi huwa Ijumaa. Sheria za kule zinataka ibada ifanyike kwenye maeneo hayo, kwa hiyo usikusanye watu nyumbani kwa bosi ukajiletea matatizo.

Wakati unasubiri, nikupe kisa cha wazee wangu, maana mimi ni Mmoraviani. Mwaka 1727, Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 walipatana kugawana saa za mchana na usiku, kila mtu asali saa moja mahali pake. Hawakuwa chumba kimoja. Mmoja alijua tu kwamba saa yake ikiisha, mwenzake anapokea. Mnyororo ule uliendelea zaidi ya miaka 100, na kanisa lile ndilo lililotuma watu waliofika Rungwe mwaka 1891, alikobatizwa babu yangu.

Tafuta mtu mmoja nyumbani, mama yako au rafiki. Saa 4 usiku kwako ni saa 3 usiku Tanzania. Patanani saa hiyo, hata dakika 10, na mwambiane mapema mnachoombea. Ukipata kifurushi, mtumie sauti. Usipopata, yeye anajua uko jikoni, umepangusa mikono, umeanza.

Mimi na mke wangu tumeamua kusali pamoja kila usiku. Yeye anasali, mimi nasinzia. Ameanza kununa. – Baba, Dodoma

Gethsemane walisinzia mitume watatu, na Bwana alirudi mara tatu akiwakuta hivyohivyo, kwa hiyo una wenzako wazito. Ila wewe unakula ugali saa 2, unaangalia taarifa ya habari, unaegemea kochi, ndipo unataka kusali. Salini kabla ya kula. Simama. Na mwambie mama asali kwa ufupi, kisha anyamaze akusubiri uitike.