Milimita 50 kwa ngapi?

SWALI: Sisi ni mafundi wa paneli za umeme, Majengo, Moshi. Tuna kazi ya kiwanda cha kukoboa kahawa chenye transfoma ya kVA 315. Kwenye oda nimeandika "bapa la shaba la milimita 50, mita 12". Mwenzangu anasema bapa ni neno la mtaani, niandike "basba". Nani yuko sahihi?

JIBU: Neno mnalogombania halina kosa, la kwako wala la mwenzako. Kosa liko pembeni yake, na hakuna aliyeligusa.

Nianze na ugomvi wenu, maana ni mfupi. Basba ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Ile "bas" yake ndiyo ya basi la Moshi–Arusha: zote mbili ni mkia uliokatwa kwenye neno la Kilatini omnibus, "kwa ajili ya wote". Basi hubeba abiria wa kila kituo, basba hulisha saketi zote za paneli. Bapa nalo ni letu tangu zama za panga. Aliyepigwa bapa aliamka kesho yake, aliyepigwa makali hakuamka. Wanywaji wana bapa lao la kuficha kwenye koti, na hilo pia ni Kiswahili safi. Kipande cha shaba kirefu, kipana na chembamba kikiitwa bapa kimeitwa jina lake.

Sasa hiyo "milimita 50". Milimita 50 kwa ngapi?

Nenda Njiro ukatafute kiwanja. Dalali akikwambia "ninacho cha mita 20", utamjibu papo hapo: kwa ngapi? Kwa 20? Kwa 30? Hata bibi anayepima shamba kwa miguu anajua kwamba eka ni hatua 70 kwa 70, haishii kwenye 70 ya kwanza. Ila fundi umeme, mtu wa hesabu na mita ya kidijitali mfukoni, anaandika "milimita 50" na kuweka nukta.

Najua ugonjwa ulikotoka. Umetoka kwenye waya. Dukani tunaomba "waya wa mili mbili na nusu", nao si milimita 2.5 kwa upande wowote: ni milimita za mraba 2.5, na ule uzi wa shaba ukiuminya kwenye kalipa hausomi hata milimita 1.8. Waya wa "milimita 16" ungekuwa na kipenyo cha milimita 16 kweli, mkato wake (eneo la uso unaoonekana ukiukata) ungefika milimita za mraba 201, na ungehitaji watu wawili kuukunja. Lugha ya dukani imezimeza hizo "za mraba" na haijavimbiwa, kwa sababu waya za nyumba haziombwi kwa kipenyo. Hakuna maana ya pili ya kugongana nayo. Hapo nimeshasalimu amri. Semeni mili mbili na nusu mpaka mchoke.

Bapa lina maana ya pili, na ya tatu. Chukua oda yako hiyohiyo uwape wauzaji watatu. Wa kwanza ataona upana na kukukatia la 50 kwa 5, yaani mkato wa milimita za mraba 250. Wa pili, ambaye stoo yake imejaa mabapa mazito, atakupa la 50 kwa 10, milimita za mraba 500. Wa tatu amezoea kuuza waya, kwa hiyo kichwani mwake 50 ni za mraba, na atakuletea kijibapa cha 10 kwa 5. Wote wametii oda. Ukifungua jedwali la DIN 43671, kiwango cha Kijerumani cha mabapa ya shaba, bapa moja tupu lisilopakwa rangi, hewa ikiwa nyuzi 35 na bapa likiruhusiwa kufika nyuzi 65, la kwanza linabeba ampea 580 hivi na la pili 850. La tatu, kwa makadirio, linachezea 150.

Transfoma yako ya kVA 315 kwenye volti 400 inatoa ampea 455. Kijibapa cha muuzaji wa tatu kitapika kahawa kabla haijakobolewa.

"Lakini muuzaji ataelewa tu." Ataelewa nini? Hata tafsiri ya kwanza, iliyo ya busara kuliko zote, haikutoshi. Jedwali linasema hewa nyuzi 35, na ndani ya boksi lililofungwa haikosi kufika 45. Nafasi ya bapa kupanda joto imeshuka kutoka nyuzi 30 hadi 20, na mkondo unaobebeka unashuka kwa zaidi ya moja ya tano. Ile 580 inabaki 455, sawasawa na mzigo wako, bila hata ampea moja ya akiba. Chukua 60 kwa 5: 688 ya jedwali inabaki 540 hivi. (Likipakwa rangi nyeusi isiyong'aa linabeba zaidi, kwa kuwa shaba inayong'aa hutoa joto kwa ubahili.) Wala usiniletee ile kanuni ya "ampea 2 kwa kila milimita". Ya mraba, kwanza! Pili, bapa la 30 kwa 5 hubeba ampea 2.5 kwa kila milimita ya mraba, la 100 kwa 10 halifiki 1.5. Ukubwa wa ndani huongezeka haraka kuliko ngozi ya kupumulia, na mkondo geu (AC) nao hupenda kukimbilia kingoni.

Kuna "shaba" pia. Kiswahili kinaita shaba nyekundu shaba, na shaba nyeupe, ile ya koki za maji, kinaiita shaba vilevile. Hata medali ya mshindi wa tatu ni ya shaba. Nyeupe hupitisha umeme kwa kama robo tu ya nyekundu. Bapa lako la 60 kwa 5 likiwa jekundu litatoa joto la wati 14 hivi kwa kila mita kwenye ampea 455. Likiwa jeupe, zaidi ya wati 40. Hapo kivumishi kimoja kinafanya kazi ya feni.

Andika hivi: "Bapa la shaba nyekundu, upana milimita 60, unene milimita 5, urefu mita 12." Ukitaka kutaja mkato, sema "milimita za mraba 300", na usithubutu kuzitupa hizo "za mraba" ili kuokoa wino.

Mwenzako akishikilia basba yake, mwachie. Ni basba hii, basba hizi, kama meza. Nasikia wengine wanasema "mabasba". Linanikereketa koo, lakini mwenye kuandika "mabasba mawili, 60 kwa 5" nitampa kazi kabla ya mwenye kuandika "bapa la milimita 50".